Sura ya Nne: Ling'oe Tu, Dokta

Mgonjwa wa jino huku Madale unamjua kwa kanga. Ameifunga kuanzia kidevuni hadi utosini, au ameikunja akaikandamiza shavuni kwa kiganja, na hata kama amepanda bodaboda kutoka Mivumoni kwa mkono mmoja, hajaiachia. Akifika anaketi kwenye benchi, salamu anaitikia kwa kichwa. Zamu yake ikifika haelezi lilianza lini, wala kama linaamshwa na maji baridi au chai ya moto. Anafungua kinywa, anaonyesha kwa kidole, anasema: "Ling'oe tu, dokta."

Maneno hayo matatu nimeyasikia kwa fundi uashi, kwa mama ntilie, kwa mwalimu mkuu, kwa mwanafunzi wa chuo aliyevaa tai. Ndani yake mna hofu, mna hesabu ya pesa, na mna mambo tuliyoambiwa na wakubwa zetu tukayaamini. Mtu aliyekesha siku tatu na jino hana nguvu ya kuuliza maswali, na daktari mwenye foleni ya watu ishirini hana nafasi ya kueleza. Kwa hiyo watu wanaondoka na maswali yao yaleyale waliyokuja nayo, pamoja na pengo. Nitajaribu kuyajibu hapa, tukiwa tumetulia.

Nianze na hofu, maana naijua. Niling'olewa gego nikiwa darasa la nne. Aliyening'oa alinidunga sindano, akaiweka chini, akachukua koleo papo hapo. Sikumlaumu wakati ule kwa kuwa sikujua kwamba kuna kitu cha kusubiri. Nilipiga kelele, nikashikwa mabega na watu wawili wazima, jino likatoka. Baada ya hapo nilipita miaka mingi sijakaribia kiti cha daktari wa meno, na kila nilipopita karibu na zahanati tumbo lilinikata. Nasimulia haya ili ujue kwamba ukiniambia unaogopa, nakuamini, na sitakuambia ujikaze.

Ganzi tunayotumia sana ni lignokaini. Iligunduliwa Sweden mwaka 1943, na mpaka leo inaaminika katika vyumba vya meno duniani kote. Kazi yake ni kuuziba mshipa wa fahamu usipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Lakini inahitaji dakika zake. Taya la juu lina mfupa mwepesi wenye vitundu, dawa hupenya upesi. Taya la chini ni gumu kama jiwe la chokaa la Wazo, kwa hiyo ganzi ya magego ya chini hudungwa nyuma kabisa, karibu na pale mshipa unapoingia ndani ya mfupa, na inabidi kungoja zaidi. Dalili ya kwamba imekamata unaisikia wewe mwenyewe: mdomo wa chini upande ule unakuwa mzito, kama si wako. Kama mdomo haujawa mzito, sema. Inua mkono. Daktari mzuri atangoja au ataongeza dozi, na hakuna aibu yoyote katika kusema bado.

Jambo la pili ambalo watu hawaambiwi: ganzi inaua maumivu, haiui msukumo. Jino linapotikiswa utasikia nguvu ya mkono wa daktari, utasikia mlio ndani ya fuvu lako, na ukiwa hukuandaliwa utaudhani mlio ule ni maumivu. Ukijua mapema, unaweza kutofautisha.

La tatu ndilo zito. Mahali palipojaa usaha pana asidi nyingi kuliko kawaida, na ganzi haifanyi kazi vizuri kwenye asidi. Kwa hiyo mtu aliyesubiri mpaka shavu limevimba ndiye ambaye ganzi itamkamata kwa shida. Huyo ndiye atakayeumia, na huyo ndiye atakayesimulia kwenye daladala la Tegeta, abiria wote wakimsikiliza, jinsi alivyoteswa. Wanaomsikiliza wataogopa. Wakipata kitobo kidogo watavumilia, watatafuna upande mmoja, watameza vidonge, hadi nao shavu livimbe. Hofu ya kung'oa inazaa kuchelewa, kuchelewa kunazaa maumivu, na maumivu yanazaa hofu mpya. Nimeuona mzunguko huu ndani ya familia moja, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu.

Hata harufu inawatisha. Wengi wananiambia kwamba wakiingia tu mlangoni na kusikia "ile harufu ya meno", miguu inaisha nguvu. Harufu ile ni ya karafuu. Ndani ya mafuta ya karafuu mna kitu kinachoitwa yujenoli, ambacho hutuliza mshipa wa jino, na madaktari wa meno wamekichanganya na unga wa zinki kwa vizazi kadhaa ili kuziba meno kwa muda. Bibi wa Pemba aliyemwekea mjukuu karafuu kwenye jino lililotoboka hakukosea: alituliza maumivu kwa dawa ileile iliyoko kwenye kabati letu. Alichokosa ni namna ya kuondoa uozo uliobaki chini yake. Safari nyingine ukiisikia harufu hiyo, kumbuka kwamba ni ile inayotoka jikoni siku ya pilau.

Sasa nije kwenye swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kwa nini usizibe?

Majibu ninayopewa ni haya. "Kuziba kunaongeza uozo." "Shemeji yangu aliziba, lilimuuma mpaka akaling'oa." "Kuziba ni kwa wenye pesa." Kila moja lina chembe ya ukweli. Ukizibwa jino ambalo uozo umeshafika kwenye kiini, pale kwenye mishipa, litauma kweli, kwa sababu ugonjwa umefungiwa ndani. Jino la namna hiyo linahitaji kutibiwa mzizi: kusafishwa mifereji yake yote, kisha ndipo lizibwe. Na kutibu mzizi ni ghali mara nyingi zaidi ya kung'oa, wala siwezi kumlaumu kibarua anayelipwa kwa siku akichagua kung'oa. Lakini hayo yote yanahusu jino lililochelewa. Jino lenye kitobo kidogo, ambalo linashtuka tu ukinywa maji ya friji, halihitaji chochote kati ya hivyo.

Nataka Watanzania wengi wajue habari ambayo hatuisimulii vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980, walimu wa tiba ya meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanahangaika na tatizo ambalo bado tunalo. Vijijini hakukuwa na umeme wala maji ya bomba, na mashine ya kutobolea meno haifanyi kazi bila vitu hivyo. Matokeo yake ni kwamba mwanakijiji mwenye jino bovu alikuwa na tiba moja tu, koleo. Ndipo daktari Mholanzi, Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha chuoni hapo, pamoja na wenzake wakajaribu njia ya mkono: kwa vifaa vidogo vya chuma walipanua mlango wa kitobo, wakakwangua sehemu laini iliyooza kama mtu anavyokomba ukoko sufuriani, wakaacha sehemu ngumu yenye uzima, kisha wakajaza saruji ya meno kwa kuikandamiza kwa kidole. Hapakuwa na mashine, wala ule mlio unaowafanya watoto wakimbie, na mara nyingi hapakuwa na haja hata ya sindano.

Baadaye njia ile ikapata saruji bora zaidi, iliyobuniwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo hushikamana yenyewe na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Ikafanyiwa majaribio Thailand kuanzia mwaka 1991, kisha Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitambulisha kwa ulimwengu mzima. Leo inatumika Brazil, China, Afrika Kusini, na hata katika nchi tajiri kwa watoto na wazee wasioweza kuvumilia mashine. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kwa vitobo vidogo vya upande mmoja kwenye meno ya ukubwani, takribani vizibo vinne kati ya vitano vinakuwa bado vipo baada ya miaka 5. Kwa matundu makubwa yanayopita kati ya jino na jino, hasa ya meno ya utoto, havidumu hivyo, na hilo lazima lisemwe.

Tiba hiyo ilianza hapa kwetu, kwa ajili ya mtu asiye na umeme, na bado mkazi wa Madale mwenye umeme, maji ya Ruvu na barabara anakuja kuniambia ling'oe tu. Hilo linaniuma. Katika vituo vingi vya serikali kazi kubwa ya siku bado ni kung'oa, na kuziba ni kwa wachache. Sababu nyingine ni ya kwetu sisi watoa huduma: vifaa vya kuzibia huisha, foleni ni ndefu, na kung'oa ni kwepesi kuliko kueleza. Ukienda kituoni uliza waziwazi: "Jino hili linaweza kuzibwa?" Ni haki yako kuuliza, na jibu lolote utakalopewa linapaswa kuja na sababu.

Kati ya maumivu na kiti cha daktari kuna duka la dawa. Hapo ndipo wengi wanapotea. Jino linauma usiku, asubuhi unanunua amoksilini na flajili, labda na diklofenaki, unameza siku tatu, maumivu yanakwisha. Unajiona umepona. Wiki sita baadaye yanarudi, na safari hii vidonge vilevile havifanyi kitu. Elewa kinachotokea. Kiini cha jino kikishakufa, damu haifiki tena ndani yake. Dawa uliyomeza husafiri kwa damu. Kwa hiyo inapunguza vita nje ya mzizi, lakini ndani ya jino wadudu wametulia salama, wanangoja. Na kila unapomeza nusu dozi unawafundisha kuizoea dawa, siku utakapoihitaji kwa nimonia isikusaidie. Dawa za kuua vijidudu zina mahali pake, hasa kukiwa na homa na uvimbe unaosambaa, lakini jino lenyewe hutibiwa kwa mkono: lifunguliwe, au liondolewe.

Na tafadhali, usiweke kitu juu ya jino ambacho hungekiweka juu ya jicho. Nimetibu fizi zilizoungua kwa aspirini iliyosagwa, kwa spiriti na kwa maji ya betri.

Wazazi wa huku wana swali moja ambalo huja kama kauli: "Hayo si ni ya utoto, yataanguka tu." Yataanguka, ndiyo. Lakini magego ya utoto hukaa hadi mtoto afikishe miaka 10 au 12. Mtoto wa miaka minne mwenye magego yaliyooza ana miaka sita au zaidi ya kula kwa maumivu, kukosa usingizi na kusinzia darasani. Na jino la utoto ndilo linalomshikia nafasi jino la ukubwani. Likiondoka mapema, majirani husogea, na jino jipya likija hukuta kiwanja kimevamiwa, linaota kando.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningepita nyumba kwa nyumba kulisema kama ningeweza. Mtoto akifikisha takribani miaka sita, gego jipya huota nyuma ya magego yote ya utoto, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuna jino linaloanguka kulipisha, kwa hiyo mzazi hana habari. Analiona, anadhani ni la utoto kama mengine, na likioza anasema litaanguka. Gego hilo haliji mara ya pili. Ndilo gego kuu la kutafunia ambalo mtoto wako atakuwa nalo hadi uzeeni, na ndilo ninalokuta limetoboka mara nyingi kwa watoto wa miaka minane na tisa. Leo jioni, mwite mwanao, mwambie afungue kinywa, hesabu kutoka mbele: la sita kwa kila upande ndilo hilo. Lilinde kama unavyolinda hati ya kiwanja.

Linaozaje? Si kwa funza, ingawa bado kuna watu wanaoonyeshwa "mdudu" aliyetolewa kwenye jino kwa mvuke wa mitishamba. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari na kutoa asidi, na kila ukila kitu kitamu asidi hiyo huchukua nusu saa au saa nzima kuondoka. Kwa hiyo kinachohesabika zaidi ni mara ngapi. Mtoto anayekunywa soda moja mezani pamoja na chakula ameshambuliwa mara moja. Mtoto anayemumunya ubuyu wa kupakwa sukari tangu mapumziko ya saa nne hadi kengele ya kutoka ameshambuliwa mchana kutwa. Ubuyu, kashata, juisi za pakiti, chai yenye vijiko vinne kila kikombe: sisemi viondoke, nasema viwe pamoja na mlo, kisha kinywa kipumzike.

Dawa ya meno iwe na floraidi, 1000 hadi 1500 kwa kipimo kinachoandikwa ppm kwenye boksi. Haijalishi kama ni Whitedent ya hapahapa Dar au ya kutoka nje, mradi floraidi imo. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha chembe ya mchele, mkubwa kidogo kiasi cha punje ya njegere. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Mswaki wa mti unaouzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa ni mswaki halali kabisa kiafya, na Shirika la Afya Duniani limeutambua tangu miaka ya 1980. Ubaya wake ni kwamba watu husugua meno ya mbele yanayoonekana na kuyasahau magego. Mkaa na mchanga achana navyo, vinakwangua.

Sasa nizungumze na mama mwenye mtoto mchanga. Mtoto ana miezi mitano, anaharisha, ana homa, hanyonyi. Mtu anakuja, anamfungua kinywa, anaona vinundu vyeupe kwenye ufizi mahali pa chonge, anasema ana meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa. Wengine huyaita meno ya nailoni. Anayang'oa kwa sindano, kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli. Watafiti wetu wa Muhimbili na wenzao wameandika juu ya jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Uganda wanalijua kwa jina la ebiino. Meno ya plastiki hayapo. Vinundu vile ni chonge za utoto za kawaida, laini bado, zinazoonekana kwa kuwa ufizi wa mtoto ni mwembamba. Kila mtoto anazo. Kinachomuua mtoto ni maji anayopoteza kwa kuharisha, au malaria, na sasa ameongezewa kidonda, damu iliyomwagika na vijidudu vya kifaa kichafu. Wanaopona mara nyingi huja kwetu wakiwa na miaka kumi, chonge ya ukubwani haipo au imeota imepinda, na mama hakumbuki kisa. Mama, mtoto akiharisha mpe maji ya ORS, endelea kumnyonyesha, mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Kinywa chake kiacheni.

Madale ni mji wa wageni. Watu wamenunua viwanja wakitoka Moshi, Arusha, Singida, na baadhi yao wamekuja na meno ya rangi ya kahawia, na aibu. Binti mmoja hakuwahi kucheka mbele yangu bila kuziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amesugua meno kwa magadi, kwa ndimu, kwa mkaa, hadi yakaanza kushtuka. Ndugu zangu, rangi ile haitokani na uchafu. Maji ya maeneo yanayozunguka Meru na Kilimanjaro, na sehemu nyingine za bonde la ufa, yana floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa kabla ya kufikisha miaka minane hivi, meno hujengwa yakiwa na rangi ndani yake. Ile floraidi inayokinga ikiwa kidogo ndiyo inayoharibu ikizidi. Haiambukizi, haitoki kwa kusugua, na mtoto wako aliyezaliwa na kukulia Dar hatakuwa nayo. Anayetaka kuificha anaweza kufunikwa meno ya mbele kwa dawa ya rangi ya jino, na kazi hiyo inafanyika hapahapa mjini.

Mengine niyajibu kwa haraka. Mjamzito anaweza kutibiwa jino, hata kung'olewa, na miezi ya nne hadi ya sita ndiyo rahisi zaidi kwake. Amwambie tu daktari kwamba ni mjamzito. Mtoto wa tumboni hanyonyi kalisi kwenye meno ya mama; kinachoharibu ni kutapika asidi na fizi zinazovimba haraka wakati huo, kwa hiyo ukitapika sukutua kwanza, upige mswaki baadaye. Kung'oa chonge au gego la juu hakupofushi jicho. Kusafishwa ugaga hakulegezi meno: ugaga wenyewe ulikuwa umekula mfupa na kuyashikilia kama gundi mbovu, ukiondolewa unaona ukweli uliokuwapo. Mwenye sukari, presha, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya sindano. Aliyefunga Ramadhani na jino linamuuma amuulize shehe wake asione haya; wengi wanakuja wakiwa wameteseka mwezi mzima kwa kudhani hawaruhusiwi hata kufungua kinywa.

Na wanaoogopa kuambukizwa Ukimwi au homa ya ini kwenye kiti cha meno wana sababu ya kuuliza. Vifaa vyetu vinagusa damu. Vinapaswa kuoshwa kisha kupikwa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzijoto 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika chache. Kuloweka kwenye dawa pekee hakutoshi. Omba kuona pakiti ikifunguliwa mbele yako, na sindano ikitolewa mpya. Mahali ambapo swali hilo linapokelewa kwa hasira, ondoka.

Baada ya kung'olewa, ng'ata pamba nusu saa bila kuitoa kila dakika kuangalia. Siku hiyo usisukutue wala kutema mate kwa nguvu, usivute sigara, chai iwe ya vuguvugu. Lile donge la damu ndilo bandeji lako, ukilitoa mfupa unabaki wazi, na maumivu ya siku ya tatu ni makali kuliko ya jino lenyewe. Maji ya chumvi ya vuguvugu anza kesho yake.

Yapo mambo mawili ambayo hayangoji kesho. La kwanza ni uvimbe unaoshuka chini ya kidevu, ulimi ukainuka, mate yakashindikana kumezwa, sauti ikabadilika. Usaha wa gego la chini umeshuka shingoni na unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Usije kwenye kliniki ndogo, nenda hospitali kubwa, Mwananyamala au Muhimbili, hata kama ni saa nane za usiku. Watu wanakufa kwa jino, na huanza hivyo.

La pili ni la watoto. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Mwaka uliofuata akachapisha taarifa ya saratani ambayo leo ina jina lake, na mwaka 1961 akazunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa gari kutafuta inapopatikana. Tanganyika ilikuwamo njiani. Dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni meno ya mtoto kulegea bila kuoza, na taya kuvimba upesi, wiki hadi wiki. Mtoto wa namna hiyo akipelekwa kung'olewa jino moja baada ya jingine, muda unapotea, na muda ndio kila kitu, kwa sababu saratani hii inakubali dawa ikiwahiwa. Meno mazima yanayolegea huku taya likivimba, kwa mtoto wa miaka mitano hadi tisa, hayahitaji koleo. Yanahitaji barua ya rufaa siku hiyohiyo.

Mmoja wa wale wagonjwa wa kanga nilioanza nao, nilimwomba anipe dakika tano kabla ya kushika chochote. Gego alilonionyesha lilikuwa limekwisha, mizizi miwili tu imebaki, nikaling'oa baada ya mdomo kuwa mzito. Lakini jirani yake lilikuwa na kitobo kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, na yeye hakujua kama kipo. Tulilikwangua kwa mkono tukaliziba siku ileile, bila sindano ya pili. Aliniuliza kwa nini hilo linazibwa na lile halikuzibwa, nikamjibu kwamba na lile lingezibwa, miaka miwili iliyopita.

Nawe unayesoma, kama kuna jino linaloshtuka ukinywa maji ya baridi, au chakula kinanasa mahali ambapo zamani hakikunasa, usisubiri usiku wa kufunga kanga. Nenda wiki hii, na ukifika, neno lako la kwanza liwe: "Naomba uniangalie kama linazibika."